Lawama ya Bao Lipi?

Tulikuwa tumecheza mechi tisa. Tumeshinda moja, tumetoka sare mbili, tumefungwa sita. Mimi ndiye niliyekuwa nahodha na beki wa kati, namba tano mgongoni, mwenye umri wa kutosha kuitwa kaka na nusu ya kikosi na kuitwa mzee na nusu nyingine. Timu ni ya ridhaa kabisa: hakuna anayelipwa, jezi tunachangia, na mazoezi ni mara mbili kwa wiki kwa wale wanaowahi kutoka kazini. Kisa hiki ni changu mwenyewe, na kinaanzia usiku wa ile mechi ya tisa, tuliyopigwa tano bila.

Usiku huo niliandika kwenye grupu la timu:

"Ndugu zangu, matokeo haya ni jukumu langu kama nahodha. Nabeba lawama yote. Naomba mnisamehe. Jumapili ijayo tutarudi tukiwa timu nyingine."

Dakika chache tu, mioyo myekundu ikajaa chini ya ujumbe. "Tuko pamoja kaka." "Huyu ndiye kepteni wetu." Kocha, ambaye huwa haandiki mengi, aliweka neno moja: "Kiongozi." Nikaweka simu chini, nikalala usingizi mzito ambao sikuwa nimeupata tangu ligi ianze. Ningepaswa kuutilia shaka usingizi ule. Mtu aliyebeba mzigo wa watu kumi na mmoja halali fofofo namna hiyo.

Jumapili iliyofuata tulifungwa tatu bila. Mawili kati ya mabao hayo yalifanana na ya wiki iliyotangulia kama mapacha.

Baada ya filimbi ya mwisho kipa wetu alikuwa amekaa kwenye nyasi nyuma ya goli, anafungua plasta aliyojifunga vidoleni. Huifungua taratibu, kidole kimoja kimoja, kisha huikunja iwe kidonge kidogo kabla ya kuitupa. Ni kijana wa miaka 22, mpole, hupiga kelele pale tu anapodai mpira. Nilimfuata kumpa pole, nikaweka mkono begani kwake kama manahodha wanavyofanya.

"Kaka, samahani. Naomba nikuulize kitu."

"Uliza, mdogo wangu."

"Wiki iliyopita ulisema umebeba lawama. Ya bao lipi?"

Nikacheka nikidhani ni utani. Yeye hakucheka. Alikuwa anauliza kweli. Yeye ndiye anayeokota mpira wavuni, na hadi siku ile alikuwa ameuokota mara 26. Alitaka kujua ni mara zipi kati ya hizo ambazo mimi nimezichukua, ili yeye aache kuzihesabu kuwa zake.

Sikuwa na jibu.

Nilikaa na swali lile siku mbili, na kadiri nilivyousoma upya ujumbe wangu ndivyo ulivyozidi kunishangaza. Hauna bao hata moja ndani yake. Hauna dakika, hauna mtu aliyeachwa peke yake, hauna pasi iliyopotea. Hauna hata kitu kimoja nitakachofanya tofauti. "Timu nyingine" itatoka wapi? Nilikuwa nimechukua lawama kwa jumla, kama mtu anayesema "nitalipa" bila kuuliza deni ni kiasi gani. Anayelipa deni lake kweli, kwanza huomba ahesabiwe.

Na ule ujumbe ulifanya kazi nyingine ambayo sikuiona wakati ule. Lawama yote ikishachukuliwa na mtu mmoja, wengine hawana cha kufanya. Winga aliyekuwa harudi kukaba alipumua. Kiungo aliyekosa mazoezi wiki tatu alipumua. Kocha, aliyekuwa akipanga kikosi kwa kuangalia nani amefika mapema uwanjani, naye alipumua, ndiyo maana akaniita kiongozi. Nilidhani nimewapa mfano, kumbe nimewapa likizo. Na mimi mwenyewe nilijipa likizo pia, maana ukishasema "yote ni yangu" mbele ya watu ishirini wanaokupenda, nani atathubutu kukuonyesha moja moja? Wataona wanakuonea.

Kwa Kiswahili neno "kuwajibika" limechoka kidogo. Kwenye siasa limekuwa na maana ya kuachia ngazi: waziri "awajibike" ni kusema waziri aondoke. Mchezaji mwenzetu mmoja, mtu wa masihara, aliniandikia pembeni baada ya ile tatu bila: "Sasa kepteni, si uwajibike?" Alimaanisha nivue kitambaa cha unahodha. Nililifikiria hilo kwa uzito. Ila niliona kuwa kuvua kitambaa kungekuwa ule ule ujumbe wa usiku, umeandikwa kwa herufi kubwa zaidi: tendo moja la kuonekana, kisha kila kitu kingine kinabaki palepale. Masikio yangu, kila nikilisikia neno hili, husikia "jibu" ndani yake. Najua mizizi ya maneno hayo mawili ni tofauti, lakini ndilo kosa la kusikia lililonisaidia. Kijana aliuliza swali, na swali huhitaji jibu.

Mkono

Tulikuwa na bahati moja. Sabu wetu aliyeumia kifundo cha mguu alikuwa amerekodi mechi nne kwa simu, zikiwamo hizo mbili za mwisho, akiwa amesimama kwenye kona upande wa goli letu. Picha zinatikisika, na kuna mahali kidole chake kinaziba nusu ya uwanja. Lakini mabao 13 tuliyofungwa katika mechi hizo nne yamo yote.

Kabla ya kuyatazama nilichukua karatasi nikaandika jinsi ninavyoyakumbuka. Nilikuwa na uhakika mkubwa. Mwaka 1986 watafiti Ian Franks na Gary Miller waliwaonyesha makocha wasio na uzoefu kipindi kimoja cha mechi ya mpira wa miguu kisha wakawauliza yaliyotokea. Majibu sahihi hayakufika nusu. Na wale walikuwa watazamaji. Mimi nilikuwa nakimbia, nahema, na nina kila sababu ya kukumbuka kwa namna inayonifaa. Karatasi yangu ilisema mabao matano yalikuwa ya kuotea, yaani mshambuliaji alikuwa ameshampita beki wetu wa mwisho pasi ilipopigwa, na refa hakuona.

Nikatazama. Bao la pili la ile mechi ya tano bila: pasi ndefu inapita katikati yetu, straika wao anaifuata, na mimi ninaonekana vizuri kabisa, nimesimama, mkono wa kulia juu, kichwa kimegeukia kwa mshika kibendera. Nikarudisha nyuma. Nikahesabu. Kwa sekunde mbili na kidogo nimesimama hivyo, kama mtoto darasani anayetaka kuruhusiwa kutoka. Kisha ndipo ninaanza kukimbia, na straika ameshafika kwa kipa.

Mtu wa umri wangu akikimbia kwa nguvu zake huenda kama mita 6 kwa sekunde. Sekunde 2 ni mita 12. Eneo la penalti lina kina cha mita 16.5. Fanya hesabu mwenyewe.

Mkono ule ulikuwapo katika mabao manne kati ya 13. Katika moja jamaa ameotea kweli, hata kwa picha ya kutikisika unaona, na hata ningekimbia nisingemfikia. Katika mawili hakuna aliyeotea, kwa sababu beki wetu wa kulia alikuwa amebaki nyuma yetu sote. La nne ndilo lililonifanya nizime simu nikatoka nje kidogo. Mpira ulirushwa kwa mikono kutoka pembeni. Aliyeupokea alikuwa nyuma yetu, peke yake, na mimi nimenyanyua mkono. Kuotea! Wakati sheria ya 11 ya mpira wa miguu inasema wazi kwamba hakuna kuotea kwa mpira unaotoka moja kwa moja kwenye kurusha, wala kwa kona, wala kwa mkwaju wa goli. Ule wa kurusha umekuwa hivyo tangu 1920. Nimecheza mpira tangu utotoni na sheria hiyo naijua. Ningekuwa nimekaa jukwaani ningemcheka beki anayefanya vile.

Na si hilo tu. Ligi yetu haina waamuzi wasaidizi wa kutosha, kwa hiyo vibendera hushikwa na sabu wa timu zenyewe. Siku ile upande ule kibendera kilikuwa mkononi mwa sabu wetu sisi. Video ina sauti. Ninasikika nikimfokea: "Wewe unaangalia nini!" Yeye alikuwa anaangalia mpira uliorushwa, na alikuwa sahihi.

Mkono wa kudai kuotea una hila yake. Ukinyanyua, umeshajitetea kabla ya bao kuingia. Umewaambia watazamaji, wenzako, na nafsi yako kwamba kinachofuata si juu yako. Watafiti Richard Lau na Dan Russell walipopitia kurasa za michezo za magazeti mwaka 1980, waliona upande ulioshinda hueleza matokeo kwa mambo yake wenyewe mara nyingi kuliko upande ulioshindwa. Nadhani mwili nao una magazeti yake. Wangu uliandika habari ya mechi mpira ukiwa bado unaviringika.

Basi nikahesabu mabao yangu. Matatu ya mkono, ukiondoa lile ambalo jamaa aliotea kweli. Moja la kona, ambapo niliyepewa kumkaba alinitoka mbele ya nguzo ya karibu na kupiga kichwa peke yake. Manne kati ya 13. Mengine tisa yalikuwa na sababu zake: mashuti mawili ya mbali ambayo ningempa mkono yeyote aliyeyapiga, penalti moja, kona mbili za watu wengine, mipira iliyopotea katikati, na moja lililogonga mtambaa panya likarudi kwenye mgongo wa kipa likaingia. Kwenye ujumbe wangu nilikuwa nimedai yote. Nilikuwa nimejitwalia mabao tisa yasiyo yangu ili nisilazimike kuyatazama yale manne yaliyo yangu.

Kosa la pili, baya kuliko la kwanza

Hapa ningependa kisa kiende vizuri, lakini hakikwenda.

Siku ya mazoezi nilimwomba kocha nusu saa. Tulikaa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, tukaegemeza simu kwenye begi, watu kumi na nne tukiwa tumeinama kutazama kioo kidogo. Nilianza kwa yangu. Nilionyesha mkono, nikaeleza sheria ya 11, watu wakacheka sana, mimi pia. Sabu niliyemfokea alikuwapo na nikamwomba radhi kwa jambo lile moja, mbele ya wote, kama nilivyomfokea mbele ya wote. Mpaka hapo sawa.

Kisha tukafika kwenye yale mabao mawili ambayo beki wa kulia alibaki nyuma. Nikasema, kwa sauti ya mwalimu: "Hapa mimi nimenyanyua mkono, ni kosa langu, lakini tazameni, namba mbili hajatoka." Neno lile "lakini". Nililisema mara mbili, kwa kila bao. Nilijiona ninachambua tu. Kumbe nilikuwa nimenyanyua mkono tena, safari hii nimekaa kitako.

Beki wa kulia hakusema kitu. Wiki ile hakuja mazoezini wala kwenye mechi. Wiki ya pili pia.

Hapa ndipo timu ya ridhaa inapotofautiana na ya kulipwa, na washauri wengi wa uongozi hawaoni. Mchezaji wa kulipwa ukimsema mbele ya wenzake atanuna, lakini Jumatatu atakuja, kwa sababu ana mkataba. Wa kwetu ana jozi ya viatu na Jumapili yake. Ukimvunja uso, anachofanya ni kutokuja, na huna faini ya kumpiga wala mshahara wa kumkata. Kwa hiyo kumwajibisha mwenzako hadharani, kwenye timu kama yetu, ni kujipunguzia watu.

Na hata kule kwa wakubwa, lawama ikiangukia kwa mmoja haina mwisho. Tarehe 16 Julai 1950, Maracanã, Brazil ilifungwa 2-1 na Uruguay katika mechi iliyoamua Kombe la Dunia. Bao la ushindi la Alcides Ghiggia la dakika ya 79 lilipita kati ya kipa Moacir Barbosa na nguzo ya karibu. Timu nzima ilipoteza, benchi lilipoteza, mabeki waliomwacha Ghiggia apite winga ile ile mara mbili walipoteza, lakini aliyeishi na bao lile hadi alipofariki mwaka 2000 ni Barbosa. Ninapomwona kipa wetu akikunja vile vidonge vya plasta humkumbuka.

Nilimpigia simu beki wa kulia. Hakupokea. Nikampigia tena kesho yake.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mdogo wangu, nimekupigia kwa ajili ya lile neno. 'Lakini'. Sikupaswa kulisema pale."

Kimya. Nikaongeza kwamba sikumpigia kumwomba arudi. Hilo lilikuwa kweli kwa sehemu tu, maana nilitaka sana arudi, lakini nilijua nikilisema msamaha wangu utakuwa na bei.

Akasema, "Kaka, zile mechi mbili nilikuwa natoka zamu ya usiku. Nililala kwa saa mbili tu. Miguu haikutoka."

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Tulikuwa na mabao 26 na nadharia kumi na nne, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba beki wetu wa kulia anafika uwanjani na usingizi wa saa mbili. Ukiniuliza nani alipaswa kujua, nitasema nahodha. Na hiyo ndiyo sehemu ya lawama ambayo ningeweza kuiandika usiku ule kwa haki: "Sijui wenzangu wanafika uwanjani wakiwa katika hali gani, na sijauliza." Ni sentensi ndogo, haina utukufu, na nina hakika isingepata moyo mwekundu hata mmoja.

Alirudi wiki ya tatu. Tulikubaliana na kocha kwamba akitoka zamu ya usiku anaanzia benchi na kuingia kipindi cha pili, na yeye ndiye anayesema, asubuhi ya mechi, kwa ujumbe wa neno moja: "Usiku." Hakuna maelezo, hakuna kuulizwa.

Samahani baada ya filimbi

Jambo moja la kuchekesha lilitokea, na limenifundisha zaidi kuliko kile kikao. Baada ya watu kuniona nikikiri makosa, kukiri kukawa mtindo. Kila mtu akawa anaomba radhi uwanjani. Winga anapoteza mpira, anasimama, ananyoosha mkono juu: "Samahani, yangu hiyo, yangu!" Kiungo anakosea pasi, mkono juu: "Yangu!" Katika mechi ya 12 winga wetu wa kushoto alinyang'anywa mpira karibu na mstari wa kati, akageuka kutuomba radhi vizuri sana, kwa adabu, kiganja kifuani, na aliyemnyang'anya akapita na ule mpira hadi ukawa bao. Kwenye video utaona: samahani ile ilichukua sekunde mbili na kidogo.

Nilibaki mdomo wazi. Mkono wa "refa, ameotea" na mkono wa "jamani, ni kosa langu" ni mkono mmoja. Wa kwanza unamtupia mwingine na wa pili unajipiga kifua, lakini miguu ya wote wawili imesimama. Mpira haujali umemlaumu nani. Unauliza tu kama unarudi.

Kocha, ambaye hadi hapo nimemsema vibaya, ndiye aliyetoa sheria iliyotufaa kuliko zote: "Samahani baada ya filimbi." Mpira ukiwa hai hakuna radhi. Ukikosea, kimbia. Ukitaka kukiri, subiri utoke, mapumziko, au mwisho. Watu walianza kukumbushana kwa kelele, "Baadaye! Baadaye!", na timu pinzani hazikuelewa tunasema nini.

Kwa haki yake niseme kwamba kocha alikuja na lake pia, siku nyingine, bila kuombwa na bila hotuba. Alisema alikuwa akiwapanga waliowahi kufika kwa sababu hakutaka kugombana na mtu, na kwamba kuanzia wiki ile orodha itatoka Alhamisi. Akakaa. Hakusema "nabeba lawama". Orodha ikatoka Alhamisi.

Kwa wanaotaka mfano wa mkubwa aliyeweza, mimi huwa nautumia wa Gareth Southgate. Mwaka 1996, Uingereza ikicheza na Ujerumani katika nusu fainali ya Ulaya pale Wembley, yeye ndiye aliyekosa penalti iliyowatoa. Miaka 25 baadaye, tarehe 11 Julai 2021, alikuwa kocha wa timu ileile, Wembley ileile ingawa imejengwa upya, na Italia ikawashinda kwa penalti. Marcus Rashford, Jadon Sancho na Bukayo Saka walikosa. Southgate alisema uamuzi wa nani apige ulikuwa wake. Ninachokipenda hapo ni udogo wa kauli. Hakudai kwamba mechi nzima ilikuwa juu yake. Alitaja uamuzi mmoja ambao kweli aliufanya yeye, na kwa kuutaja aliwatoa vijana watatu chini ya kitu kizito. Lawama yenye mipaka humfikia anayeihitaji. Ile isiyo na mipaka, kama yangu ya usiku ule, inaning'inia hewani tu.

Tulichobadilisha

Hili nitalipita haraka, maana si la ajabu. Nilimwomba kocha anipumzishe mechi mbili na kumpanga kijana wa miaka 19 aliyekuwa akingoja nafasi yangu. Sikufanya hivyo kama adhabu. Miguu yangu ilikuwa imechoka na mkono ulikuwa unanyanyuka kwa sababu miguu ilishajua haitafika. Hilo nililitambua baadaye sana. Tuligawana watu wa kukaba kwenye kona kwa majina, karatasi imebandikwa mlangoni, ili bao likiingia kila mtu ajue ni la nani bila mahakama. Kwenye mipira ya kurusha, mmoja wetu anabaki nyuma siku zote. Na kipa akapewa haki ya mwisho ya kusema: akipiga kelele "rudi", tunarudi kwanza, tunabishana baadaye.

Matokeo? Katika mechi sita zilizobaki tulishinda mbili, sare mbili, tukafungwa mbili. Tulimaliza ligi wa pili kutoka mwisho. Siwezi kusema kile kikao kilituokoa, kwa sababu hatukuokoka, na timu mbili kati ya hizo sita zilikuwa dhaifu kuliko sisi. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba hakuna bao jingine lililoingia kutokana na mpira wa kurusha, na kwamba kipa ameanza kuongea.

Kuna wanaoniambia nilipaswa kunyamaza usiku ule wa tano bila, nisiandike chochote. Sikubaliani sana. Kunyamaza nako ni ujumbe, na nahodha anayenyamaza baada ya mabao matano huacha grupu lizungumze lenyewe, na grupu likizungumza lenyewe saa nne usiku humtafuta kipa. Ningeandika, lakini ningeandika hivi: "Bao la pili nilisimama nikidai kuotea. La nne mtu wangu alinitoka kwenye kona. Kesho naomba video." Mistari mitatu.

Mechi ya mwisho ilirekodiwa pia. Dakika ya 80 na kitu, sare ya moja moja, pasi ndefu inapita katikati yetu, ile ile ya siku zote. Kwenye picha mkono wangu wa kulia unaanza kupanda. Unafika usawa wa kifua, unasita, kisha unashuka na mimi ninakimbia. Nilimfikia straika pembeni ya eneo la penalti, nikaugusa mpira kwa ncha ya kiatu, ukatoka. Kona.

Kona ikapigwa, na wakafunga. Aliyefunga alikuwa wa beki wa kulia; jina lilikuwa kwenye karatasi. Kipa alikwenda wavuni, akautoa mpira, akautupa moja kwa moja hadi mstari wa kati. Tulipokuwa tunakimbia kwenda kuanza upya, beki wa kulia akanisogelea.

"Lile langu, kaka."

"Baadaye," nikamwambia.